Pasi ya Mkaa ya Bi Nyoosha

Shangazi yangu hakuipenda ile pasi ya mkaa hata siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi pale nyumbani kuna kibao ukutani kinachosema aliipenda. Uongo mtupu! Aliachiwa na mama yake, akaitumia tangu usichana kwa kuwa hakukuwa na nyingine, na siku tuliponunua ya umeme aliitupia kabatini ile kuukuu akaiambia, "Kaa humo, mchawi we."

Wateja walimwita Bi Nyoosha. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kinachotazama barabara: meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka, kamba ya kutundikia mashati, na kiti kimoja cha mteja mwenye haraka. Karani wa mahakama, mwalimu mkuu, bwana harusi aliyechelewa, wote walipita mikononi mwake. Na mdomo alikuwa nao. Ukimletea shati lenye doa anakurudishia: "Mimi napiga pasi, sifuti dhambi."

Kilichomwangusha ni kifua. Ukiinamia moshi maisha yako yote, moshi nao unahamia kwako. Daktari alimweleza bila kumung'unya maneno: akiendelea na mkaa, mapafu yanakwisha. Ndiyo maana tukaingiza umeme chumba cha mbele na kununua pasi mpya, na baada ya muda shangazi akaanza kulala usingizi wa kulala chali kama watu. Tukasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Ndipo wakaja watu wa ofisi ya urithi. Mtaa wetu ni wa zamani, kuta nene, madirisha ya mbao, nao walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutazama. Walitutumia salamu kwamba kesho ni zamu yetu. Sasa umjue shangazi yangu. Kwake yeye mgeni hanywi kwa kikombe cha kila siku, anatolewa kile cha kabatini. Basi akaingia kabatini. Akaitoa pasi ya mkaa, akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka yule jogoo wa shaba kwenye kifungio chake akang'aa. Ya umeme akaisukuma chini ya kitanda, kama mtu anavyoficha ndala zilizokatika akisikia hodi.

Nikamwuliza, "Shangazi, kwani hao wanakuja kuposa?"

"Hebu nyamaza. Watu wazima wale, tutawaonyesha plastiki?"

Walipofika akawasha mkaa, akapepea, akajaza maji mdomoni akayapuliza rasharasha juu ya shati, kama alivyofanya mama yake. Weupe wa lile shati uliwaka. Wageni wakapiga makofi. Kiongozi wao, bwana mmoja mpole mwenye miwani ambaye baadaye nilimbandika jina la Bwana Urithi, alifuta machozi kabisa. Shangazi akajisikia malkia. Usiku huo alikohoa mpaka alfajiri, lakini alikohoa akicheka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hao walikuja, mwenyeji akaugua.

Nyumba ikatangazwa kuwa urithi, pamoja na kazi inayofanyika ndani yake. Majirani walikuja kutupongeza, na sisi tukavimba vichwa, kwani nani hapendi sifa? Baadaye wakaja mafundi kung'oa nyaya za umeme chumba cha mbele, eti zinaharibu sura ya ukuta. Shangazi akakimbia chumbani, akaitoa ile pasi mpya chini ya kitanda, akamweleza Bwana Urithi ukweli wote. Bwana Urithi aliitazama kama ameona panya juu ya meza.

"Bi Nyoosha, hii hapana. Wageni watakuja kuona ile."

"Hata nikiwa peke yangu?"

"Matumizi ya chumba yanalindwa kisheria, mama. Siyo mimi."

Utasema angehamia chumba cha nyuma. Thubutu! Chumba cha nyuma ni kitanda na kabati, meza yake haipiti hata mlangoni. Utasema angeacha kazi. Angekula nini, kuta? Akarudi kwenye mkaa. Sasa alikuwa na watazamaji kila wiki, wanasimama barazani na simu zao, na yeye anapuliza maji huku pumzi inamkata. Mara nyingine maji yalimtiririkia kidevuni badala ya kuruka. Wakadhani ndivyo inavyofanywa, wakapiga picha.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilikwenda ofisini kwao. Kiyoyozi kinanguruma, na ukutani kitambaa kirefu kimeandikwa: UTAMADUNI NI HAKI YA KILA BINADAMU.

"Hii haki," nikamwuliza Bwana Urithi, "ni ya nani? Ya shangazi au ya pasi?"

Akatabasamu. "Ya shangazi yako, dada. Sisi tunalinda haki yake ya kuendeleza utamaduni wake."

"Na haki ya kuuacha?"

Akavua miwani akaifuta, akasema, "Kila mtu akiacha, kizazi kijacho kitaona nini?"

"Kizazi kijacho hakikohoi damu, bwana. Mila haina mapafu. Mwenye mapafu ni yule bibi kule."

Akaahidi kulifikisha suala letu kwenye kikao. Kikao kikakaa, kikaahirishwa, kikakaa tena, na shangazi akaanguka kabla hawajafika kwenye ajenda yetu. Nilimkuta amekaa sakafuni kando ya meza, ameishika pasi kwa mikono miwili isije ikaunguza shati la mtu.

Tukamlaza chumba cha nyuma. Nikadhani angalau sasa watafunga. Wapi! Wakaleta mwigizaji, mwanamke mwenye afya zake, wakamfunga kilemba kama cha shangazi, akawa anawasha mkaa na kupuliza maji. Na anapuliza vizuri, simwonei. Moshi ukapita chini ya mlango wa kati. Niliziba na matambara, ukapita juu. Nilipowaomba wauwashie mkaa nje, wakajibu kwamba wageni wanataka kuuona ukiwaka.

Asubuhi moja nilikuwa namnywesha shangazi uji. Chumba cha mbele walikuwamo wageni wa mkutano, wamekuja kujadili haki za binadamu na urithi wa tamaduni, wanazungumza lugha ambayo shangazi haijui, mimi naijua ya kutosha. Bwana Urithi alikuwa akiwaeleza: Bi Nyoosha alikuwa hivi, Bi Nyoosha alipenda vile. Shangazi alilisikia jina lake.

"Wanasemaje?"

"Wanasema ulikuwa fundi."

"Nilikuwa?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kukatika. Kule mbele wakakisikia. Mgeni mmoja akauliza ni nani anayeumwa. Bwana Urithi akamjibu kwamba nyuma wanaishi wapangaji.

Damu ilinipanda. Wapangaji! Katika nyumba aliyoijenga babu yangu! Nikaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta, nikawaambia kwa lugha yao, kwa kuchapia, kwamba Bi Nyoosha ndiye huyu na yu hai. Wakasogea mlangoni, masikini, macho yamewatoka. Mama mmoja wa makamo alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika shangazi mkono, akauliza jambo kwa upole. Bwana Urithi akatafsiri haraka kabla sijafumbua mdomo: "Anauliza, unajisikiaje kazi yako kuhifadhiwa?"

Shangazi alivuta pumzi, moja, nyingine. Akaukaza mkono wa yule mama.

"Mwambie auzime moto," akasema. "Nakufa."

Yule mama akamgeukia Bwana Urithi, anangoja.

"Anasema amefurahi sana," Bwana Urithi akawaambia. "Anawashukuru wote."

Makofi yakalipuka. Nilipiga kelele kwamba sivyo, sivyo alivyosema, lakini wangesikia wapi, na shangazi, asiyejua kilichotafsiriwa, alikuwa akiutazama ule mlango wa kati, anangoja mtu aende kuuzima moto.