Springi Nyepesi ya Papa Mugisho

Nimestaafu ufundi wa bastola nikiwa na miaka ishirini na saba. Mcheke tu, vijana wa kwaya. Hata mama yangu alicheka. Lakini kazi niliifanya, na niliyoyaona humo bado yananichemsha damu.

Siku ya kwanza, pale Louisville mwaka 2013, bosi alinipa aproni na kamizani kenye ndoano. Kanatundikwa kwenye kifyatulio, kile chuma kinachovutwa na kidole, ili kujua kinataka nguvu kiasi gani. Nilifurahi kama mtoto. Niliota duka langu mwenyewe, jina langu juu ya mlango. Wateja walileta bastola za kubeba chini ya shati, naye bosi aliwabadilishia kila kitu: vifyatulio, mishikio, hata kuwachorea mafuvu kwenye chuma.

Ndipo akaja mzee wetu Papa Mugisho, shemasi wa kanisa letu. Vidole vyake vya mkono wa kuume vilikuwa vimekakamaa kwa miaka ya kukata kuku kwenye baridi ya kiwanda. Alikuwa anahamia Columbus, jimbo jingine, kufungua duka la unga wa mhogo na samaki wakavu, akaogopa wezi, na kifyatulio kilimshinda. Bosi akatoa springi ya kiwandani, akaitupa, akaweka nyepesi. Niliuliza kama sheria haitamsumbua huyu mzee.

"Hapa Kentucky hakuna sheria inayokataza," alisema. "Wewe futa meza."

Ukweli wa nusu. Nusu ya pili niliipata Columbus, nilipoajiriwa na fundi mkuu mmoja, mama wa makamo mwenye miwani mizito. Bastola ya kujilinda hakumlegezea mtu yeyote. Mwenye vidole vibovu alimshauri anunue nyingine, iliyotoka kiwandani ikiwa laini. Alinieleza kwamba siku umempiga mtu risasi, mwendesha mashtaka hatamwangalia mwizi peke yake. Ataifungua na bastola yako, aulize kwa nini uliigusa.

"Ukijitetea, lazima useme ulipiga kwa kutaka," aliniambia. "Ukisema imetoka yenyewe, hujajitetea tena. Umefanya uzembe."

Siku ileile nilimpigia simu Papa Mugisho. Alicheka, akasema mimi nina woga wa kuku, lakini bon, sawa, ataileta Jumamosi tuirudishie springi ya kawaida. Ijumaa mtu akaingia dukani kwake na kisu. Papa akatoa bastola, kidole kikagusa tu, risasi ikaingia pajani mwa yule mtu. Alipona, Mungu asifiwe.

Papa angenyamaza akamngoja wakili, pengine naye angepona. Lakini ni shemasi. Atasemaje mbele ya polisi kwamba alitaka kumpiga mtu? Akasema kilichokuwa moyoni: "Mimi sikutaka. Imetoka yenyewe."

Mwendesha mashtaka hakuhitaji zaidi. Kisu kikasahauliwa, ikazungumzwa springi tu.

Wakili aliniomba nimtafute bosi wa Louisville, aeleze kwamba ilikuwa shida ya vidole, si kiu ya damu. Nikampigia. "Huyo mzee simkumbuki," akasema, "na wewe pia sikukumbuki vizuri." Mtu aliyekuwa ananituma kahawa kila asubuhi. Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile natamani kuvunja simu.

Papa akakubali kosa dogo kwa kuogopa gereza refu. Donc, kwa hiyo duka likafungwa. Mke wake alikuwa Bukavu akingoja makaratasi ya kumleta. Wakili wa uhamiaji akasema kwa kosa lile faili lisiguswe kabisa, likiguswa huenda wakamrudisha Papa mwenyewe kwao.

Nikavua aproni, nikahamia Buffalo. Sasa napanga maboksi kwenye bohari huko Lackawanna, naota duka la baiskeli. Papa anakaa kwa dada yake huko Kenmore, tunaimba pamoja Jumapili. Na huku jimbo la New York, ambako kuja tu na bastola ya Kentucky bila kibali cha hapa ni kosa, bado watu wanakuja kuniuliza. Juzi kijana mmoja alinifuata baada ya ibada, ati nimlegezee kifyatulio kidogo tu, nani atajua. Nilikasirika. Sikumhubiria sheria.

"Nenda kwa Papa Mugisho pale," nilimwambia. "Muulize mama anakuja lini."

Akaenda akauliza. Papa alitoa simu, akamwonyesha picha ya mke wake, akaanza kumsimulia jinsi anavyopika sombe, yale majani ya mhogo. Alisimulia muda mrefu, tarehe ya kuja hakuitaja. Kijana hakurudi kwangu.