Mafuta Yaliyoganda

Mjukuu wangu amenunua kichupa cha mafuta ya nazi, kidogo kama cha dawa ya macho, na alipokifungua tu harufu ile ikanirudisha Chuno, uani kwetu, asubuhi ya harusi ya dada yangu. Nikamkumbuka shangazi Mwanahawa. Simkumbuki kwa wema, na sitajisingizia.

Shangazi aliolewa na karani wa bandarini, basi akajiona si mtu wa pwani tena. Alikuja harusini na kopo la mafuta ya kiwandani, akaliweka pale ambapo kila mtu angeliona. Mafuta yenyewe hayakuwa na harufu wala ladha, sawa na mazungumzo yake.

Jirani yetu Mama Rozalia, Mmakonde Mkristo aliyevuka Ruvuma na wanawe kukimbia vita vya Wareno, hakuwa na cha kutoa ila nguvu zake. Siku tatu alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha mpaka mafuta yakajitenga, nasi watoto tukagombea makoko matamu yaliyobaki chini ya sufuria. Akatuletea chupa nne za kukaangia vitumbua vya harusi.

Ilikuwa kipupwe. Kulipokucha mafuta yalikuwa yameganda, meupe pe. Shangazi akainua chupa moja, akaitazama kwa pembe ya jicho, akasema taratibu ili wote wasikie, "Mbona meupe hivi? Watu wanaofuga nguruwe, huwezi kujua wamechanganya nini."

"Ni nazi tupu, dada," Mama Rozalia akasema. "Yaweke juani kidogo, utayaona."

"Siyaweki. Hapa kuna watu wanaswali."

Wanawake wote wakainamia kazi zao. Mama yangu akaziokota zile chupa na kumrudishia mwenyewe, bila kumtazama usoni. Jua lilipopanda, mafuta yalikuwa yameyeyuka na kung'aa kama maji, kwenye kibaraza cha Mama Rozalia, na sisi tuliyaona huku tukila vitumbua vya mafuta ya kopo. Hakuja harusini. Hakukanyaga tena kwetu mpaka walipohama.

Kwa miaka mingi nilimwona shangazi mjinga tu, nikamcheka kwa ujinga wake. Nilipopata jiko langu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba alijitia hamnazo. Mwanamke aliyezaliwa Mikindani, mafuta ya nazi yameganda mbele yake kila kipupwe tangu anyonye, asijue? Alijua. Uani pale hapakuwa na mwanamke asiyejua.

Nimemdharau yeye peke yake kwa sababu ilikuwa rahisi. Alfajiri ile ile, kabla shangazi hajafungua kinywa, mama yangu alichokonoa mafuta meupe kwenye chupa yetu wenyewe kwa njiti ya ufagio, akayasugua viganjani mpaka yakayeyuka, akanipaka kichwani.