Mashine Isiyojua Kulia

Mtaa mzima ulimwita Mama Vumbi, naye hakukasirika, maana jina hilo alilipata kwa halali. Vumbi la mbao lilikaa kwenye nyusi zake, kwenye mifuko ya gauni, hata ndani ya kitabu chake cha sala. Alipokifungua siku ya ibada, waliokaa benchi la mbele yake walipiga chafya, naye akawaombea afya papo hapo.

Kabla ya mbao alikuwa fundi cherehani. Aliyemtoa kwenye vitambaa ni mumewe, seremala, Mungu amlaze pema, ambaye siku moja alirudi na mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta. Ilikuwa imeshatumika, na ilikuja vipandevipande ndani ya magunia. Kitabu cha maelekezo kilikuwepo, lakini mzee alikitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, akasema kitabu ni cha wasiojua. Kwa siku tano akaiunga mwenyewe, na jioni ya siku ya tano alitangaza mtaani kwamba hakukosea hata skrubu moja.

Siku ya sita waliiagiza ichonge KARIBU. Neno likatoka limegeuka, kama linalosomwa kwenye kioo. Ukiiamuru mashine iende kulia, ilikwenda kushoto. Mzee aliutazama ubao ule, kisha akasema kwa sauti ya daktari anayetoa majibu:

"Mke wangu, mashine hii haijui kulia."

Kufungua kisanduku cha waya tena hakuthubutu, kwa kuwa mtaa ulishatangaziwa. Mama Vumbi naye hakumuumbua. Fundi cherehani amezoea kukata kitambaa kwa upande wa ndani, kwa hiyo kichwa chake kilijua kugeuza mambo. Tangu siku ile alichora kila kitu kinyume kwenye kompyuta, na mashine ikikosea upande, kazi inatoka sawa. Kosa juu ya kosa, maua yakanyooka. Miaka kumi na minane walichonga hivyo: milango, vitanda, vibao vya maduka, migongo ya viti vya nyumba ya ibada. Nyumbani likawa neno la utani. Mtoto akianguka aliambiwa anyamaze, mbona hata mashine haijui kulia.

Kisha mzee akaitwa na Mola wake. Mama Vumbi alilia kwa niaba yake na kwa niaba ya mashine. Mwezi wa tatu baada ya mazishi, ile kompyuta ya zamani, yenye kioo cha kisogo kirefu na tundu la disketi, ikatoa moshi mwembamba na kumfuata mwenye nyumba.

Hapo ndipo shemeji yake alipoingia, mdogo wa marehemu, mnunuzi wa vyuma chakavu aliyeitwa Mizani hata na watoto wake. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba kila alichokitazama alikiona kikining'inia kwenye mizani, na kuna siku alimtazama mgonjwa hospitalini hivyo hivyo. Banda la mashine lilikuwa la ukoo, na yeye alilitaka kwa stoo. Akasema Jumamosi saa nne asubuhi angekuja na lori kuibeba mashine.

"Ikifika saa hiyo inachonga, shemeji, nitaondoka na lori tupu," alisema. "Na inichongee jina langu, nilitundike mbele ya lori."

"Andaa misumari," Mama Vumbi akamjibu.

Alijibu kwa ujasiri asiokuwa nao. Mashine ile ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo ilikuwa mazungumzo yake na marehemu. Bila hiyo angebaki na meza inayoyumba.

Akamwita mkwewe, mume wa bintiye, fundi wa mashine za fotokopi. Kijana huyu alikuwa na heshima iliyopita kiasi. Alipompigia mama mkwe simu, alisimama kwanza na kufunga vifungo vya shati. Alikuja na kompyuta mpya ndogo kama kipande cha sabuni, pamoja na kioo chembamba, na siku tatu nzima alihamisha michoro kutoka kwenye disketi. Ilitoka michoro mia tatu na ushee, na Mama Vumbi alisalimia kila mmoja kama ndugu aliyeshuka safarini.

Ijumaa mchana mkwe alifungua kisanduku cha waya, akavuta kitabu chini ya mguu wa meza, akalinganisha. Mota ya kulia na kushoto ilikuwa imeungwa kinyume. Angemwambiaje mama mkwe kwamba marehemu alikosea? Akasubiri mama aingie ndani kusali, akageuza waya mbili, akafunga skrubu, akamwomba Mungu amsitiri marehemu kama yeye alivyomsitiri.

Mama Vumbi aliporudi alikaa mbele ya kompyuta mpya akachora jina la shemeji. Alilichora kinyume, kama desturi. Mkwe akaliona. Maskini mama, akawaza, huzuni imemvuruga mpaka herufi zinampinduka. Hilo nalo hakulisema. Mama kwa upande wake alimwona kijana anameza mate, akadhani ni njaa, akamletea chai. Heshima mbili zilikutana mlangoni, kila moja ikaipisha nyingine, na hakuna aliyeingia.

Jumamosi saa nne kasoro lori likapiga honi. Shemeji akaingia na kamba begani. Mama Vumbi akataja jina la Mungu, akabonyeza. Mashine ikakohoa, ikanguruma, kisu kikashuka kwenye ubao na vumbi likaruka hadi kwenye nyusi zake. Ilikuwa hai! Alitaka kucheza, akajizuia kwa sababu ya mkwe.

Kisu kikanyanyuka. Shemeji akapuliza vumbi, akakunja uso, akasoma herufi moja moja.

"I-NA-ZIM... Inazima?" Akamgeukia shemeji yake. "Mashine yenyewe inatoa taarifa kwamba inazima. Mimi ni nani nibishane nayo?"

Mkwe akaziba uso kwa mikono miwili. Mama Vumbi akautazama ubao, N imetazama kusikotakiwa, Z imegeuka kama mtu aliyesusa. MIZANI nzima kinyumenyume. Akageuza shingo polepole.

"Mwanangu, uligusa waya?"

"Mbili tu, mama. Nisamehe. Marehemu alikuwa... nilitaka kumsitiri."

"Umemrekebisha mume wangu?"

Kijana akataka kupiga magoti, lakini mama alishamtangulia kukaa chini. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, kikamwangusha kwenye lundo la maranda. Alicheka hadi kilemba kikafunguka. Miaka kumi na minane yeye na mzee walificha jambo hili, na fundi wa fotokopi akalinyoosha kwa dakika tano! Akaeleza kwa vipande, kati ya pumzi na pumzi, na shemeji aliposikia kwamba kaka yake mkubwa, bwana kutokosea, aliunga waya kinyume, akaangusha kamba na kujiegemeza ukutani.

Mkwe akasema hakuna haja ya kufungua tena kisanduku cha waya. Kwenye kompyuta mpya kulikuwa na kisanduku cha kutia tiki, kilichoandikwa kwamba mota iende kinyume. Ukikitia tiki, michoro yote mia tatu itatoka sawa. Au mama aanze kuchora kama watu wengine.

"Tia tiki," akasema Mama Vumbi. "Nimeshazeeka na kosa lake."

Mashine ikanguruma mara ya pili. MIZANI ikatoka imenyooka, na shemeji akauchukua ubao kwa mikono miwili, akaupima uzito kwa mazoea. Akaitazama mashine mara ya mwisho, akaokota kamba yake. Mlangoni alisimama, kwa kuwa mashavu ya Mama Vumbi yalikuwa yameloa na vumbi limekuwa tope.

"Shemeji, unalia?"

"Ninalia," akasema, huku bado anacheka, "lakini kushoto."