Kura ya Namba Kumi

Msimu uliopita nilimtoa kwenye timu mtu aliyenifundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, na sikumhurumia. Naanza na hilo ili mtu asinitafutie sababu nzuri. Sababu nzuri zilikuwepo, tena nyingi, lakini si hizo nilizozitumia.

Timu yetu ni ya watu wa kawaida. Nusu wanatoka Kitale, nusu Bungoma, na uwanja wetu uko nje kidogo ya Kitale, umepakana na shamba la mahindi, kwa hiyo mpira ukitoka nje mwezi wa saba mchezo husimama mpaka upatikane. Mimi ni kocha, na siku za kazi nauza dawa za mifugo. Yeye ni fundi mwashi, na uwanjani alivaa jezi namba kumi kwa miaka kumi na minne, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika, tukawa tunamwita Kumi tu. Hata mke wake alimwita Kumi akiwa amemkasirikia.

Zamani Kumi akipata mpira, sisi wengine tulianza kukimbia bila kuangalia nyuma. Mimi nilikuwa winga wa kushoto. Nilikimbia, na mpira ulinikuta huko huko niendako. Mabao yangu mengi, ukitaka ukweli, ni yake, mimi nilitia mguu tu. Watu walitoka Sirisia na Kachibora kuja kumtazama, na wakirudi kwao walisema wamemwona, wala hawakumbuki nani alishinda.

Halafu nikaumia kisigino. Nilirudi mazoezini baada ya miezi mitano, nikakimbia kama ng'ombe aliyefungwa mguu, na kocha wa wakati ule akamuuliza Kumi mbele ya wote kama bado nafaa. Kumi alinitazama nikiwa nimekaa kwenye nyasi nafunga bandeji. Akasema, "Huyu ameisha, kocha. Tusijidanganye." Alisema bila chuki, kama anavyosema tofali fulani limepasuka, lete lingine. Alikuwa amesema kweli. Ndiyo maana sikumsamehe.

Basi uzee nao ukamfikia. Kwenye kadi ya ligi alikuwa na miaka thelathini na tatu, na alikaa na hiyo thelathini na tatu misimu minne, huku binti yake wa kwanza amemaliza kidato cha nne. Alianza kutaka mpira mguuni. Ukimpasia hatua mbili mbele yake, alikukodolea macho kama umemtukania mama. Akinyang'anywa, alinyoosha mikono kumlaumu mwingine, na huyo mwingine mara nyingi alikuwa upande wa pili wa uwanja. Kona zote alitaka kupiga yeye, kwa sababu mtu akienda kupiga kona anaruhusiwa kutembea.

Alifika uwanjani kabla ya wote, akaenda nyuma ya choo kujifunga magoti ili tusione. Mimi niliona. Sikumuuliza, na wala sikumpumzisha, kwa sababu kumpumzisha kulihitaji maneno, nami maneno hayo sikuwa nayo. Vijana wakaanza kumwita kuka, yaani babu kwa Kibukusu, mwanzo kwa siri, baadaye mbele yake. Alicheka. Nami nilicheka, wakati kazi yangu ilikuwa kuwakemea.

Kilichomaliza mambo ni Kapsokwony. Uwanja wa kule umelala kwenye mteremko. Kipindi cha kwanza tulishuka nao vizuri, cha pili tukaanza kuupanda, na Kumi akasimama kwenye duara la katikati, mikono kiunoni, akabaki hapo. Mpira ulimpita kulia na kushoto. Jamaa mmoja wa pale akatoa kiti cha plastiki kwenye kibanda cha chai, akakiweka kando ya mstari. "Si mpatie mzee akae, bana," akasema. "Tumechoka kumwangalia akisimama." Uwanja mzima ulicheka. Benchi letu lilicheka. Mimi niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, lakini mabega yangu yalionekana yakitetemeka.

Tulifungwa matatu bila. Filimbi ya mwisho ilipolia, Kumi alikwenda mpaka kwenye kile kiti, akakaa, akawapungia watu mkono. Nadhani aliona kwamba akikaa kwa hiari yake mzaha utakuwa wake. Wakampigia makofi, na makofi yale yalikuwa mabaya kuliko kicheko chao.

Ilibaki mechi moja, Sirisia. Tukipoteza, tunashuka daraja. Tulikuwa na kijana anayeendesha bodaboda mjini Kitale, ana mbio na ana jicho, naye alikuwa amekaa benchi msimu mzima akisubiri namba moja tu, ile ya Kumi. Kila mtu alijua la kufanya. Naweza kusema mapema kwamba Sirisia tulishinda, na kijana alicheza vizuri. Uamuzi ulikuwa sahihi. Hilo halinisaidii kitu.

Kocha wa timu kama yetu hana mshahara wala gari. Ana jambo moja tu, kupanga nani acheze. Ningempigia simu nikamwambia, Kumi, Sirisia huchezi, na baada ya hapo hutacheza tena. Badala yake nilikwenda kwenye kamati nikasema jambo hili ni zito, tulipigie kura. Kamati ilifurahi sana. Kura ni dawa ya waoga, mtu anachinjwa na hakuna aliyeshika kisu. Lakini katiba yetu inasema mchezaji anayejadiliwa lazima awepo, na yeye pia apige kura yake. Wakaniambia, kocha, basi mwite.

Hapa lazima nieleze ulimi wetu. Sisi watu wa Bungoma, r na l tulipewa pamoja na hatukuambiwa ipi ni ipi. Shuleni tulichapwa kwa ajili yake, viboko tukavisahau, ulimi ukabaki vile vile. Ukifika uchaguzi, nchi nzima hutucheka kwamba tunapanga foleni kwenda kupiga kula. Nikiandika sikosei. Nikiongea haraka nakosea, na nikiwa na hofu nakosea zaidi.

Nilimpata kwa simu akiwa kazini. Nilisikia mwiko ukikwaruza ukuta.

"Sasa, kocha."

"Poa. Jumamosi saa saba kamiti inakutana Bungoma, pale kwa hoteli ya mwenyekiti. Kuna kula."

"Kula?"

"Kula, bana. Ni juu yako."

Mwiko ulinyamaza. "Ati juu yangu? Kamiti yote?"

"Yote. Lazima ukuwe."

Sauti yake iliporudi ilikuwa laini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kocha, mimi nilikuwa najua tu siku moja mtakumbuka. Sasa nikuje na mama watoto, ama ni wanaume peke yao?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mwisho wa msimu timu yetu hula kuku pamoja, lakini haijawahi kumwandalia mtu mmoja karamu. Kumi alidhani tumeamua kumpikia yeye. Kusahihisha kulihitaji neno moja tu. Kama ulimi uligoma, ningesema karatasi, ningesema mkutano, ningesema chochote. Nilifikiria atakavyouliza kura ya nini, na nitakavyojibu. Halafu nikakumbuka ile bandeji na zile nyasi.

"Kuja naye," nikasema.

Nimejitetea mara nyingi kwamba nilishikwa na butwaa. Uongo mtupu. Kulikuwa na utamu ndani yake, ule utamu mdogo wa kukuna kidonda, na niliusikia mpaka kwenye meno.

Jumamosi tulikuwa saba kwenye chumba cha nyuma cha hoteli ya mwenyekiti, mzee mstaafu wa ofisi ya chifu. Mezani kulikuwa na vipande vya karatasi vilivyokatwa kwenye daftari, kalamu mbili, na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Chumba cha mbele watu walikuwa wanakula ugali na matumbo, na harufu ilitufikia. Kumi aliingia amevaa suti ya kijivu na tai. Nyuma yake mke wake, kitenge kipya, kilemba cha kitambaa hicho hicho, na jogoo kwapani amefungwa miguu, kwa sababu kwetu mtu haalikwi karamuni akaenda mikono mitupu.

Mama huyo tulimjua sote. Ndiye aliyefua jezi za timu tangu siku zangu za kucheza. Alitusalimia mmoja mmoja, akafika kwangu, akanikabidhi yule jogoo.

"Shemeji, huyu ni wako," akasema. "Mungu akubariki kwa kukumbuka Kumi." Akaangalia huku na huku. "Jikoni ni wapi? Nisaidie kupakua."

Mwenyekiti alinitazama, nami nilimtazama jogoo.

Nilikuwa bado na dakika moja ya kumtoa nje na kumweleza, lakini Kumi alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameandaa maneno. Alitushukuru kwa sababu, alisema, watu wetu huchinja ng'ombe mtu akishakufa, na yeye ameheshimiwa angali na viatu miguuni. Alisema mke wake amekuwa akimwambia aache mpila, na leo ajionee mwenyewe kwamba timu bado inamtaka. Alisema magoti yanapona na ana misimu miwili zaidi. Kapteni wetu alikuwa anakunja na kukunjua kipande cha karatasi. Hakuna aliyecheka, na ningetamani mtu acheke.

"Asante, Kumi," mwenyekiti akasema alipokaa. "Sasa wacha tupige kula, tumalize hii maneno."

Kula hakupigwi. Kinachopigwa ni kura. Mke wake ndiye aliyeelewa kwanza. Aliangalia zile karatasi, akaangalia mkebe, kisha akaniangalia mimi nikiwa nimeshika jogoo wake, akavuta kiti polepole akakaa. Kumi alikuwa bado anatabasamu. Ilibidi kapteni asome swali kwa sauti: namba kumi abaki ama atoke. Tabasamu lilikaa usoni kitambo baada ya yeye mwenyewe kuondoka humo, kisha likadondoka. Alifunga kifungo cha koti. Mimi niliona aibu, aibu kweli, na bado sikufungua mdomo.

"Ni sawa," akasema. "Katiba ni katiba." Halafu, na hapo nilimwona akipiga hesabu kama enzi zake akitafuta upenyo kati ya mabeki, akasema, "Lakini mama watoto pia apatiwe karatasi. Amefua hizo jezi miaka yote. Kuna mwanachama gani anamshinda?"

Nani angekataa? Mwenyekiti alikata kipande kingine. Tukawa tisa. Mama aliandika akiwa ameficha karatasi kwa kiganja, akachukua muda kuliko sisi, akaitumbukiza kwenye mkebe bila kumtazama mtu.

Kapteni alitoa moja moja na kuzisoma. Atoke. Atoke. Ya tatu ilikuwa abaki, na Kumi akamgeukia mke wake akamtikisia kichwa kidogo, kumwambia hiyo moja, bado moja. Atoke. Atoke. Ya sita kapteni aliifungua akaisoma kwa sauti ile ile ya tangazo, mpaka mwisho, kabla hajagundua anasoma nini.

"Atoke. Siku hizi hata ngazi ya kazi hapandi, wengine ndio humpandia."

Hatukujua hilo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Fundi asiyepanda ngazi hajengi zaidi ya dirisha, na siku si nyingi hataitwa hata kwa hilo. Nilikuwa nimeyahesabu makosa ya magoti yale uwanjani tangu msimu uanze, na sikuwahi kujiuliza yanafanya nini Jumatatu. Kapteni aliiweka ile karatasi kando. Tatu zilizobaki alizisoma harakaharaka, zote atoke, lakini hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Mama alikuwa anatazama meza. Hakulia, wala hakuomba msamaha. Kumi alinyoosha mkono kwa kapteni, akapewa ile karatasi ya sita, akaisoma mwenyewe, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwa koti. Akasimama na kutupa mkono mmoja mmoja, mwenyekiti kwanza, kama tunavyofanya mechi ikiisha. Mke wake alitangulia kutoka. Kumi alinifikia mimi mwisho, mlangoni, akasogea karibu ili wengine wasisikie.

"Kocha, ungeniambia tu ni kura," akasema, na r yake ilitoka safi kabisa. "Ningekuja peke yangu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa yamechelewa. Jogoo alijipapatua mikononi mwangu. Nikamwambia asante kwa zawadi.