Chungu cha Nasma

Bi Mize wa Kanga, kisiwani Mafia, hakuwahi kumpa ndugu yake zawadi ya dukani. Mtoto akizaliwa katika ukoo, alimfinyangia kichungu cha uji. Mtu akihamia nyumba mpya, alimpelekea chetezo cha kufukizia udi, hata kama nyumba yenyewe haijapata mlango. Wengine walishamchoka. Binamu yake mmoja wa Kilindoni alikuwa na vyetezo vitatu, vyote amevitia vitunguu. Bi Mize alivikuta vitunguu hivyo kwa macho yake, akarudi nyumbani akamfinyangia cha nne.

Lakini zawadi kubwa kuliko zote ilikuwa chungu cha harusi, na hicho hakikutoka kwa kila mtu. Hicho bibi humfinyangia mjukuu wa kike. Udongo ukiwa bado mbichi, bibi hubonyeza kidole gumba chake begani pa chungu, na mjukuu hubonyeza chake pembeni. Kisha chungu hukauka kivulini na kukaa hivyo hivyo, hakichomwi, mpaka posa ijibiwe. Siku ya kukichoma, kikitoka motoni kingali na joto, bibi hukitemea mate ya baraka, nacho huwa ni cha bibi harusi. Kisipochomwa hurudi kuwa udongo. Ukikitia maji tu, kimekwisha.

Bi Mize alikuwa na mjukuu mmoja. Mwanawe wa pekee, Shaabani, alichukuliwa na homa binti yake Nasma akiwa hajaanza hata kwenda chuoni kusoma Kurani. Mkewe, Munira, alikaa eda, akamaliza, akamchukua mtoto akaenda naye Dar es Salaam, na huko akapata mume aliyewahamishia Uingereza. Nyumba ya vyumba vitatu ikabaki na mtu mmoja. Bi Mize alikuwa akipika wali, akijisahau anapakua sahani mbili. Upweke ulimuuma na hakuona haya kuusema. Alimwambia kila aliyepita kununua mtungi, mpaka watu wakawa wanapita njia ya nyuma.

Aliyebaki kumsikiliza alikuwa jirani yake, Chiku, mwanamke wa Kilwa aliyekuja Mafia na mumewe kwenye dago, kambi ya wavuvi wa msimu. Mume alihama na dago, Chiku akasahaulika kama jiwe la jikoni. Wawili hao waligombana asubuhi na kupatana kabla ya adhuhuri, kila siku.

Mwaka jana Nasma alikuja. Mtu mzima, ana kazi yake, anaongea Kiswahili cha kuokoteza lakini shikamoo yake imenyooka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu! Umekuja kuninyang'anya mume gani, nami nilishamzika?"

Walicheka mpaka wakalia. Siku za ugeni huo Bi Mize hakupakua sahani ya bure. Alimfundisha kuuponda udongo, kuutoa vijiwe, kuulainisha kwa gome la kombe lililookotwa ufukweni. Nasma hakufaa kitu, na bibi yake hakumficha. Udongo uwahi ungali maji, na huyu alikuwa amechelewa miaka ishirini. Lakini alipobonyeza kidole gumba begani pa chungu cha harusi alichofinyangiwa, Bi Mize aliinama kuangalia. Alama ilikuwa fupi na pana, imepinda kidogo kushoto. Kidole cha Shaabani kile, hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Siku ya mwisho Nasma alitoa kichupa cha plastiki chenye mstari.

"Bibi, naomba mate yako. Huko kwetu kuna watu wanayapima, wanakuambia asili yako ni wapi. Wanalinganisha na yangu. Nataka tu kujua."

Sauti yake ilikuwa nyepesi, na Bi Mize akadhani ni mchezo wa vijana, wa kutafuta kama babu wa mababu alitoka Shirazi au Bukini. Alikuwa ametoka kula, na mate yalitakiwa kabla ya kula au kunywa. Basi wakapatana: Nasma atalala Kilindoni kuwahi ndege, bibi atatema asubuhi, na kichupa kitapelekwa na mwenye pikipiki.

Asubuhi Bi Mize alikaa na kichupa mkononi, kinywa kikavu. Alikuwa amefundishwa na mama yake kwamba mate ya mtu ni mtu mwenyewe. Hayaachwi barabarani wala hayapewi mgeni. Ukucha unafukiwa, nywele zinafukiwa, sasa mate yapande ndege, yakalale kabatini kwa watu asiowajua! Hapana. Na kumkatalia Nasma nako hapana.

Chiku alipoingia kuomba moto alimkuta hivyo, akasimuliwa.

"Lete hapa," alisema. "Mimi nani atahangaika kuniroga? Hata mume hakunitaka."

Akatema mpaka kwenye mstari, akafunga kifuniko, akajifuta mdomo. Wakacheka. Pikipiki ilipokuja, Bi Mize alikabidhi kichupa kwa mikono miwili. Mate ni mate, aliwaza. Wakipima watakuta mwanamke wa pwani, Mwislamu, mzee. Si ndiye?

Wiki zikapita. Nasma alikuwa akituma sauti kwenye simu aliyomwachia bibi yake, na Bi Mize alizisikiliza mpaka akazijua kwa moyo. Katika moja alisema kuna kijana amemposa, na nyumbani wamekubali. Bi Mize alikitoa chungu kivulini, akakifuta vumbi, akaanza kukusanya makuti na vifuu vya kuchomea.

Kisha ikaja sauti nyingine, ndefu, na ndani yake Nasma alikuwa analia.

"Bibi, majibu yametoka. Mimi na wewe si damu moja. Hata kidogo. Sikukuambia ukweli, nilikuwa nimesikia watu wakisema baba si baba yangu, na mama nikimuuliza hukasirika. Nikasema bibi ndiye atakayenijibu. Umenijibu. Sikulaumu. Chungu usikichome, bibi. Kirudishe kuwa udongo, hicho ni cha mjukuu wa damu."

Bi Mize alisikiliza mara mbili. Mara ya tatu aliiweka simu chini. Yale maneno aliyajua. Yalisemwa pale pale Kanga zamani, kwamba Munira alizoeana na kijana wa boti za watalii, na Bi Mize aliwafukuza wasemaji kwa mchi. Hakujua kuwa yamevuka bahari. Hakujua kuwa mtoto amekua nayo. Majuto ni mjukuu, walisema wazee, na yake yalikuwa mjukuu kwelikweli.

Hakungoja. Alibonyeza simu akasema kila kitu. Aliogopa, mate si yake, ni ya Chiku, mwanamke wa Kilwa, mshenzi mmoja hivi. Chiku naye akaikaribia simu akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake, na hilo la mshenzi akaliacha lipite, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Bi Mize akaeleza kidole gumba cha Shaabani. Akasema, "Mwanangu, niletee kichupa kingine. Nitatema mchana kweupe, mbele ya watu."

Jibu lilikuja baada ya swala ya alasiri. Sauti ya Nasma ilikuwa imetulia, na huo utulivu ndio uliomtisha.

"Ahsante, bibi. Nilijua utasema hivyo. Unanipenda kiasi cha kunitungia hadithi, hata Chiku umemfundisha. Lakini tusidanganyane. Sitaleta kichupa kingine, sitaki kukutesa wewe wala mimi. Nitakukumbuka daima."

Bi Mize alimtazama Chiku. Uongo wao ulipandishwa ndege ukaaminiwa, na ukweli umerudishwa mlangoni kama mwombaji.

"Mwambie tena," alisema Chiku.

Alimwambia tena. Alimwambia siku hiyo na siku zilizofuata, asubuhi na jioni, mpaka sauti zake zikawa hazifunguliwi. Alipopiga, simu iliita ikakatika. Namba ya Munira hakuwa nayo, hakuwahi kupewa.

Mwezi wa harusi ulipofika, Bi Mize alikichukua chungu akakiweka uani. Beseni la maji lilikuwa karibu, na angeweza kukiloweka. Ndivyo alivyoambiwa afanye, na ndivyo desturi inavyotaka kwa chungu kisicho na mwenyewe. Akakipakata mapajani. Kidole chake na kile kifupi kilichopinda vilikuwa bado pale begani, bega kwa bega.

Alikipanga juu ya vifuu, akafunika kwa makuti, akawasha. Kazi hiyo hufanywa na wanawake wa nyumba nzima, kwa nyimbo na vigelegele. Siku hiyo walikuwa wawili. Chiku alijaribu kigelegele kimoja, kikakosa wa kukipokea, akaenda kukaa ukutani.

Moto ulipolala, Bi Mize alikitoa chungu kwa mti, akakisimamisha mchangani. Kilikuwa chekundu, kizima, hakina ufa. Aligonga kwa ukucha, kikalia vizuri. Katika maisha yake hakuwa amefinyanga kingine kizuri kama hicho, na alijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Akainama. Mate aliyompaka Nasma utosini bure siku alipozaliwa, akamnyima alipoyaomba, sasa yalimjaa kinywani. Akakitemea chungu begani, juu ya vile vidole viwili, akamtaja Nasma binti Shaabani kwa jina lake kamili.

Udongo ulikuwa bado wa moto, na mate yakakauka papo hapo.