Ramani Iliyoshonwa kwa Cherehani

Kwenye karakana ya viti vya magari walimwita Kiguu, yaani kiguu na njia, na walimwita hivyo kwa kumchokoza tu. Msichana mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na minne na hajawahi kulala nje ya nyumba ya mama yake zaidi ya siku mbili. Njia zake zote zilikuwa mdomoni. Kwa miezi minane alikuwa akitangaza kwamba anasafiri, peke yake, kwa gari, mpaka barabara inapoishia. Na kwa miezi hiyo minane, kila asubuhi saa mbili, alikuwa pale pale kwenye cherehani yake, akivalisha viti vya magari ya watu waliokwisha kusafiri.

Ugonjwa huo aliupata kazini. Kiti cha gari ukikivua ngozi yake utakuta mambo kwenye mikunjo: tiketi za kivuko, maganda ya mbegu usizozijua, kibanio cha nywele cha mtoto, udongo mwekundu na mweusi. Wenzake waliyafagia. Yeye aliyatia kwenye kopo la biskuti akawa nayo kama mali. Siku moja likaletwa gari la mchimba visima. Alipotikisa sponji, ukamwagika mchanga mweupe, laini kama unga, akamuuliza mwenye gari kautoa wapi.

"Huko barabara inapoishia," yule bwana akasema. "Ukifika hapo, mbele ni mchanga huu tu mpaka macho yachoke."

Akachukua funguo zake akaenda. Kiguu ndiye aliyebaki na maneno, na tangu siku hiyo hakutulia. Akishona, mguu ulikuwa unakanyaga hata pale mashine ilipokuwa imesimama. Akila, alikula amesimama dirishani. Jumapili alishikwa na wazimu wa kwenda kuwasha gari la marehemu baba yake uani, akalisikiliza linavyonguruma, kisha akalizima na kurudi ndani. Gari lilikuwa zee kuliko yeye mwenyewe, na alikuwa amelibadilishia viti mara mbili kabla halijavuka geti.

Fundi mkuu, mzee mnene asiyeisha utani, alishampa likizo mara mbili. Ya kwanza Kiguu aliirudisha kwa sababu taa moja ya nyuma ilikuwa hafifu. Ya pili aliirudisha kwa sababu ya mvua, na mvua yenyewe haikunyesha.

"Wanasema msafiri kafiri," fundi mkuu akamwambia mbele ya watu. "Basi wewe ni mcha Mungu wa kupindukia! Sasa sikiliza. Likizo hii ndiyo ya mwisho. Jumamosi usipoondoka, Jumatatu nakukabidhi viti vya basi zima, na hiyo safari yako nisiisikie tena humu ndani."

Wote wakacheka, na Kiguu akacheka nao. Tuseme bila kuzungukazunguka: aliogopa. Aliogopa kwenda, na zaidi ya hapo aliogopa kuwa mtu ambaye angekwenda ila hakwenda. Wako wengi wa namna hiyo, na huzeeka vizuri tu, wakisimulia gari walilokuwa nalo.

Maandalizi lakini alikuwa nayo, na hayo yalimtoa kifua mbele. Simu yake ilikuwa ya vitufe, haikujua barabara yoyote, kwa hiyo tangu wiki ya kwanza alinunua karatasi mbili kubwa za ramani, ya kusini na ya kaskazini. Kuziunganisha kwa gundi hakutaka, maana gundi hubanduka. Akakata pambizo nyeupe kwa mkasi, akazilaza karatasi uso kwa uso, akapitisha cherehani, akazifungua na kuzipiga pasi ya uvuguvugu. Barabara ya juu ikakutana na ya chini sawasawa, kama mistari ya shati iliyoshonwa na fundi anayejiheshimu. Akaitundika juu ya kitanda, akaipima kwa futi yake ya kushonea. Sentimita moja, kilomita ishirini. Kutoka kituo cha mwisho cha mafuta hadi kinachofuata, kilomita mia nne na themanini. Tangi lingempeleka mia nne, na dumu la lita kumi lingemwongezea mia. Zinabaki ishirini za salama. Akaandika "20" kwa chaki ukutani akaizungushia duara.

Mama yake, mshonaji wa sare za shule aliyefanya kazi sebuleni, siku hiyo aliingia, akasimama mbele ya ramani, akapitisha kidole gumba katikati yake kutoka mwisho huu hadi mwisho ule.

"Haya," akasema, akarudi kwenye sketi zake.

Tangu hapo, kila safari ilipotajwa, alikuwa na jibu moja: "Nenda tu mwanangu, mimi nani hata nikukataze?" Alilisema kwa ile sauti ambayo akina mama huitumia kukataza.

Ijumaa ikafika. Kiguu alitoka kazini mapema akapakia begi, akalipakua, akalipakia upya. Akaenda kulitazama dumu kana kwamba lingeweza kutoroka. Akarudi ndani kufuata blanketi, na akamkuta mama yake chumbani, amevua viatu, amesimama juu ya kitanda, wembe wa kufumulia mkononi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nani alikufundisha kushona?" Mama hakugeuka.

"Wewe."

"Ukikata kitambaa, huongezi sehemu ya kuingia mshononi?"

"Naongeza. Sentimita mbili kila upande."

"Na karatasi hii, wakati wa kuichora, nani aliwaambia waongeze?"

Kiguu akasogea karibu. Mama akaingiza ncha ya wembe, akafumua uzi mmoja baada ya mwingine bila haraka, na karatasi ikaachia. Sentimita mbili zikajitokeza juu, mbili chini. Nchi nzima ilikuwa imelala humo ndani: mto mkavu, kilima, na barabara ikipita katikati imenyooka bila hata kijiji. Mkono ulikuwa umezoea kitambaa, ukafanya ulivyozoea.

Sentimita nne. Kilomita themanini. Hakuhitaji chaki. Gari lingezimika kilomita sitini kabla ya kituo, kwenye jua, na yeye peke yake humo ndani. Akakaa kitandani. Halafu likamjia jambo lililomwaibisha kuliko kosa lenyewe: alifurahi. Furaha ya mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule.

"Basi siendi," akasema. "Bora umeona. Siendi."

Mama akashuka kitandani taratibu, akavaa kiatu kimoja.

"Umeona lini?" Kiguu akauliza, maana kile kidole gumba kilikuwa kimemrudia akilini.

"Siku ile ile ulipoitundika."

"Miezi minane! Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza." Mama akakitafuta kiatu cha pili kwa mguu. "Ilikuwa silaha yangu. Nilisema, huyu aseme tu, hamu itamwisha. Na siku atakayosimama mlangoni na begi, ndipo nitamwonyesha. Nilishajua hata maneno nitakayosema."

"Si ungengoja kesho, basi. Ndiyo kesho nasimama mlangoni."

"Kesho ungebaki," mama akasema.

Sauti ilimkatika kidogo hapo, akakohoa kuificha. Kiguu alimtazama mama yake, mwanamke ambaye tangu amzae hajalala hata siku moja bila kujua mwanawe kalala wapi. Alilia kidogo. Mama naye aligeukia dirisha akaanza kuviringisha ile futi kidoleni, akaifungua, akaiviringisha tena.

"Nakufa kwa hofu, usidhani siogopi," akasema. "Lakini kukuona unazunguka humu ndani miaka mingine kumi kama kuku anayetafuta pa kutagia, hilo siliwezi. Unanichosha." Akatazama saa ukutani. "Saa kumi na moja na robo. Maduka yanafungwa saa kumi na mbili. Nenda kanunue dumu la pili."

Kiguu akajifuta uso kwa blanketi, akachukua funguo.