Kugonga Kifuniko Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kwa kituo cha maziwa, nje kidogo ya Kajiado, nilikuwa nimeandikwa kuosha mikebe. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na cheti cha darasa la nane peke yake. Saa nne hivi Mpokezi Mkuu akaniita. Alikuwa mzee mfupi, na koti yake nyeupe ilikuwa inamfika magotini.

"Wewe msichana, kuja. Fungua huo mkebe. Usiangalie ndani. Weka pua kwanza."

Nikaweka. Kumbe maziwa ilikuwa imekaa kwa jua tangu asubuhi. Nilirudi nyuma nikikohoa mpaka machozi ikatoka, na wamama waliokuwa kwa laini wakacheka wakishika mbavu.

"Hiyo sasa ni pua," mzee akasema. "Kuna wengine nikiwapea huo mkebe wananiuliza kama chai iko tayari. Kesho usiende kwa mikebe. Utasimama hapa na mimi."

Hivyo ndivyo niliingia kazi ya kupokea maziwa, na niliifanya karibu miaka ishirini. Nyinyi vijana mnaoingia sasa mtapata mashine ambayo inasoma kila kitu. Ni sawa. Lakini wacha niwaambie vile ilikuwa inafanywa, na vile mimi nilitoka, kwa sababu nilitoka na njia ambayo sikuwa nimepanga.

Pua ndio ilikuwa ya kwanza. Harufu inajificha chini ya kifuniko, kwa hivyo ukifungua unainama hapo hapo, kabla upepo haujaichukua. Ukichelewa kidogo tu, umepoteza. Baada ya pua ndio unaweka laktomita, hiyo chupa nyembamba iko na namba kwa shingo. Kama maziwa imeongezwa maji, laktomita inazama zaidi. Mwisho ni spiriti: unachanganya maziwa kidogo na spiriti kwa kigilasi, unatingisha, na ikishikana vipande vipande unajua imeanza kuharibika.

Ukiridhika unagonga kifuniko mara mbili na vidole. Ko, ko. Hiyo ndiyo mama alikuwa anangojea. Mzee alinifundisha jambo moja ambalo halikuwa limeandikwa mahali.

"Kabla ugonge, hiyo maziwa ni ya mama," aliniambia. "Ukishagonga ni yako. Ikileta shida mbele, usirudi kumtafuta mama. Jitafute wewe."

Baadaye nilipelekwa Kimana. Huko Msimamizi wetu alikuwa mtu wa vitabu, hakuamini pua hata kidogo. Siku moja nikakataa mikebe sita mara moja. Akakasirika. "Laktomita iko sawa, spiriti iko sawa, wewe unakataa na nini?"

"Kitunguu," nikamwambia.

Akaonja, akatema. Watu walikuwa wamevuna vitunguu na kufungulia ng'ombe waingie shambani kula majani yaliyobaki. Ng'ombe akikula hayo, ladha inaingia kwa maziwa moja kwa moja. Kutoka hiyo siku Msimamizi alikuwa ananiita Mama Pua, na jina likanifuata mpaka Kitengela.

Kitengela ndio nilikaa sana. Niliolewa nikiwa huko, nikazaa Wanjiru, na nikasoma masomo ya jioni kwa ukumbi wa kanisa mpaka nikapata cheti cha sekondari. Wanjiru alikuwa analala kwa benchi ya nyuma mimi nikifanya hesabu. Nilipopata cheti, Meneja alinifanya Mpokezi Mkuu. Nilivaa koti nyeupe. Yangu haikufika magotini.

Shida ya Kitengela ilikuwa moshi. Wamama wa Kimaasai wanasafisha kibuyu cha maziwa na kijinga cha oloirien. Wanachoma huo mti, wanasugua ndani na makaa yake, na maziwa inakaa vizuri na inanukia. Ni maziwa tamu. Lakini kiwanda kilichokuwa kinanunua kwetu kilikuwa kinatengeneza yogati, na hakikutaka moshi hata kidogo. Kwa hivyo wamama walikuwa wanapewa mikebe ya aluminiamu wakamulie humo, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika yule ambaye ametumia kibuyu halafu akamimina kwa mkebe. Ukishikwa mara mbili unafutwa kwa orodha.

Nilikuwa nimemshika Yeyo Nashipae mara moja. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na huyu alikuwa mama mkubwa, mrefu, mdomo wake haupumziki.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimia na lugha yake.

"Iko," akaitikia. "Lakini usinisalimie ukiniharibia siku. Mtoto wako ulimpatia maziwa gani, ya plastiki?"

"Sheria si yangu, Yeyo."

"Pua ni yako!" Na laini yote inacheka.

Halafu ukaja ule mwaka wa barakoa. Bwana yangu alikuwa anapakia mawe kwa lori, na jiwe lilikuwa limemvunja mguu, akawa amekaa nyumbani miezi minne. Shule zilikuwa zimefungwa, Wanjiru ako nyumbani pia. Ni mimi peke yangu nilikuwa natoka asubuhi. Ndipo homa ikanishika. Nililala wiki mbili kwa chumba peke yangu, na Wanjiru akiniwekea uji kwa mlango. Nilipopona nikamshukuru Mungu, nikaamka, nikafungua sufuria ya githeri nisikie harufu. Hakuna. Nikafungua mafuta ya taa. Hakuna. Nikachukua sabuni ya kufulia nikaiweka puani kabisa. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Sikuambia mtu. Nikajiambia itarudi. Nilirudi kazini Jumatatu, nikafungua vifuniko, nikainama kama kawaida, nikanusa hewa, nikategemea laktomita na spiriti. Na nikaomba. Niliomba nikitembea, nikaomba nikiosha vigilasi. "Baba, unajua hii nyumba inakula kwa hii pua. Nirudishie." Nilikuwa naomba kama mtu anaamuru.

Ijumaa tanki lote likarudishwa. Dereva alisema kiwanda kimekataa, maziwa ni moshi mtupu. Jumamosi asubuhi Meneja akasimama mbele ya laini, maziwa ya siku nzima imemwagwa, macho yake mekundu.

"Nani alileta kibuyu jana?"

Watu wote wakaangalia Yeyo Nashipae. Na yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa ameinama.

"Ni mimi," akasema. "Mkebe yangu ilienda kwa harusi ya dada yangu, haijarudi. Nikakamulia kwa kibuyu, nikaja kumimina kwa mkebe wa jirani. Nilijua huyu mama atanirudisha. Nilikuja tu kujaribu. Lakini alinusa, akagonga. Nikafikiri amenihurumia, kwa sababu ameona ng'ombe zangu nyingi zimekufa na kiangazi."

Meneja akanigeukia. "Mama, uligonga?"

Nawaambia ukweli, nilikuwa na jibu lingine. Ningesema alimimina nikiwa nimegeuka. Wangeamini mimi. Yeye alikuwa ameshikwa mara moja tayari, na mimi nilikuwa Mama Pua. Niliona mguu wa bwana yangu, nikaona Wanjiru. Halafu nikasikia yule mzee wa koti refu, vile alivyosema: jitafute wewe.

"Niligonga," nikasema. "Yeyo hana makosa. Mimi sisikii harufu. Tangu nitoke kwa homa sisikii chochote."

Meneja alitoa barakoa akapanguza uso. Hakuwa mtu mbaya.

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima."

"Mama, mpokezi bila pua nitamweka wapi?" Akaniambia niende nyumbani mpaka aniite. Yeyo akabaki kwa orodha. Mimi sikuitwa.

Nyumbani Wanjiru aliniuliza, "Mum, si ungenyamaza tu?" Hakuuliza na ubaya. Aliuliza kama mtu ambaye anajua unga imebaki kiasi gani. Nikamwambia Mungu atatupatia. Akasema, "Sawa, lakini na njia gani?" Baba yake alikuwa ananiangalia kutoka kitandani, akasema pole pole, "Mwache mama yako. Amefanya vile mama yangu angefanya." Hiyo ilinisaidia siku hiyo. Siku ya tano haikunisaidia tena. Niliacha kuomba pua. Niliacha kuomba maneno marefu. Nilikuwa nakaa kwa kiti nasema tu, "Baba, niko hapa," na hiyo ndiyo ilikuwa maombi yote.

Siku ya kumi na mbili mlango ukabishwa. Yeyo Nashipae alikuwa amesimama hapo na kibuyu kwa bega, kimefungwa na ngozi.

"Takwenya," akasema.

"Iko," nikajibu.

"Ati ile pua ilikuwa inanisumbua imekufa?" Akacheka mpaka kibuyu kikatikisika. "Mungu ako!"

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena. Alimpea Wanjiru maziwa kwa kikombe. Wanjiru akafunga macho akasema, "Mum, hii iko na harufu ya kama... moto wa asubuhi." Mimi nilisikia utamu tu kwa ulimi.

Yeyo akakaa chini. "Miaka hiyo yote mmekataza maziwa ya kibuyu, unajua ilikuwa inaenda wapi? Majirani wa hapa Kitengela walikuwa wananingoja kwa barabara. Waluo, Wakikuyu, Wakamba, wote wanataka ya moshi. Lakini mimi sijui kupima. Siku moja niliuzia watu ikaganda kwa chai, wakanitukana. Wewe unajua kupima. Mimi niko na pua."

Hivyo ndivyo tulianza. Meza moja karibu na soko, sufuria mbili kubwa za kuchemshia, laktomita yangu ya zamani na chupa ya spiriti. Tunauza maziwa freshi ya moshi na maziwa lala, ile imegandishwa. Wamama sita wanatuletea kwa vibuyu, wale wale niliokuwa nawarudisha. Bwana yangu alipopata kutembea akatujengea kibanda cha mbao. Wanjiru alimaliza sekondari, na siku hizi anasoma mambo ya maabara.

Watu wa kanisa wananiuliza kama Mungu alinirudishia pua. Hapana. Nimeambiwa na daktari inaweza kukaa hivyo. Sikupata kile niliomba. Nilipata Yeyo, na maziwa ambayo miaka yote ya Kitengela niliandika kwa kitabu kama imekataliwa. Sijui kueleza hiyo zaidi ya vile nimeisema. Kama uko mgonjwa na hakuna kitu kwa nyumba, sitakudanganya kwamba unga itaanguka kutoka juu. Nitakuambia ukae hapo na useme uko hapo, na mtu akibisha ufungue, hata kama ni yule ulikuwa unamrudisha.

Kazi ya kituo niliiaga rasmi mwaka uliofuata, nikarudisha koti. Lakini mwili haujasahau. Kila asubuhi mama akifika na kibuyu, nafungua na kuinama haraka kabla upepo haujachukua, na ndani hakuna kitu kwangu, ni hewa tu. Naweka laktomita. Natingisha spiriti. Halafu nasukuma kibuyu upande wa Yeyo, na nangoja. Anainama, anachukua wakati wake, ananiangalia kama ananichokoza, kwa sababu anajua nangoja. Halafu anagonga kifuniko na vidole vyake, mara mbili.